Ruhusa ya Kusema Subiri

Mwezi uliopita, katika mtaa mmoja wa Kariakoo, binti wa dukani alimkabidhi bodaboda mzigo wa vitenge baada ya kupokea ujumbe wa malipo ambao ulikuwa wa uongo. Mwenye duka ameamua kumkata mshahara kila mwezi mpaka hasara iishe. Kila aliyenisimulia habari hiyo aliona uamuzi ni wa haki: aliyetoa mzigo ndiye alipe. Mimi naona ni kosa kubwa, tena ni kosa linalowasaidia matapeli kuliko lolote wanaloweza kulifanya wenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu nimefanya kazi miaka mingi katika duka la khanga na vitenge la shangazi yangu, jirani na Mtaa wa Uhuru. Nilianza siku ambazo pesa za simu zilikuwa jambo geni. Leo wateja wengi hatuwaoni sura. Tunawajua kwa namba na kwa picha za wasifu. Wizi wa mtandaoni nimeuona ukibadili mbinu mara nyingi, lakini mtu unayemkuta mlangoni haujambadilisha. Ni msaidizi anayelipwa kidogo, amesimama kaunta, simu ya duka iko mkononi mwake, na mteja anamhimiza.

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Wateja wetu wa mikoani, ambao zamani walifunga safari na pesa kibindoni au kumwamini kondakta, wakaanza kutuma kwa simu. Sisi tulifunga mzigo na kuupeleka Ubungo kuwahi mabasi ya alfajiri. Shangazi, aliyeishia darasa la nne, hakuipenda simu ile, lakini aliichukulia kwa uzito kama anavyochukulia kila kinachogusa pesa. Alinunua daftari kubwa, akalichora safu: tarehe, jina, kiasi, salio. Wengi tuliona safu ya salio ni kazi ya bure, maana simu yenyewe inaonyesha salio.

Siku moja alipiga mtu aliyejitambulisha kuwa mteja wa Kahama, akaagiza majora kadhaa ya kitenge. Baada ya muda mfupi ujumbe ukaingia, una namba ya muamala, kiasi, jina na saa. Kijana wa kaunta akaanza kufunga mzigo. Yule mtu akapiga tena: jamani, basi linaondoka, msinicheleweshe. Shangazi akaichukua simu, akaandika kiasi kwenye daftari, akakijumlisha na salio la muamala uliotangulia. Hesabu ikakataa. Ujumbe ulidai salio jipya ambalo lilikuwa dogo kuliko salio tulilokuwa nalo hata kabla ya malipo. Aliyeutunga hakulijua salio letu, wala hakuwa na njia ya kulijua. Tulipotazama vizuri tukaona ujumbe umetoka kwenye namba ya mtu wa kawaida, si kwenye jina la huduma.

Siku hizi hata hilo jina halitoshi, kwa kuwa zipo mbinu za kufanya ujumbe uonekane umetoka kwa kampuni yenyewe. Kinachotosha ni kuingia mwenyewe kwenye menyu, kwa M-Pesa ni *150*00#, na kutazama salio kwa macho yako kabla mzigo haujavuka kaunta. Lakini jambo lililonikaa zaidi ni ile simu ya pili. Ujumbe wa uongo ungeweza kugunduliwa na mtoto yeyote aliyepewa dakika mbili za utulivu, na kazi ya simu ya pili ilikuwa kutunyima hizo dakika mbili. Tangu siku ile, kila ninapochunguza tukio la utapeli, natafuta kwanza mahali ambapo mtu aliharakishwa. Sijapata kukosa kupaona.

Mbinu iliyofuata ilikuwa ya pesa “zilizokosewa”. Mtu anakupigia kwa sauti ya huzuni: nimekutumia kimakosa, ni ada ya mtoto, tafadhali nirudishie kwenye namba hii nyingine. Mara nyingi hakuna kilichoingia. Mara nyingine kimeingia kweli, naye wakati huohuo anaiomba kampuni ya simu imrudishie muamala uleule, ili alipwe mara mbili. Hapa huruma ya msaidizi ndiyo inayowindwa. Jibu tulilokubaliana ni fupi na la heshima: ndugu, piga huduma kwa wateja, wao watazirudisha, sisi hatutazigusa. Mwenye shida ya kweli hulikubali jibu hilo. Tapeli huanza kutukana.

Tukio lililonifundisha mengi kuliko yote halikutokea dukani kwetu. Ilikuwa mwaka 2016. Jirani yetu alikuwa ameanza kuagiza vitenge moja kwa moja kutoka Keqiao, kule Zhejiang, China, kwenye soko kubwa la vitambaa ambalo wafanyabiashara wa Kariakoo wanalijua vizuri. Mimi nilikuwa nikiwasaidia baadhi ya majirani kuandika barua pepe za Kiingereza, kwa hiyo nilizijua taratibu zao. Unalipa asilimia 30 kiwandani waanze kazi, kisha asilimia 70 mzigo ukishapakiwa na umetumiwa nakala ya hati ya meli. Jirani alilipa sehemu ya kwanza bila tatizo. Ulipofika wakati wa sehemu ya pili, barua pepe ikaja katika mtiririko uleule wa mazungumzo, ina nembo ileile na sahihi ileile: akaunti yetu ya kawaida iko kwenye ukaguzi, tafadhali tumia hii ya Hong Kong.

Alikuwa na karani, kijana mpole aliyemaliza chuo cha biashara. Kijana yule alisema, “Bosi, tuwapigie kwanza.” Bosi akamwambia ajaze fomu ya benki, kontena likichelewa bandarini gharama za uhifadhi atazilipa nani? Fomu ikajazwa, pesa zikaenda.

Karibu wiki mbili baadaye kiwanda kikauliza kwa WeChat malipo yatafika lini. Jirani alidhani Wachina wanamgeuka. Siku zikapita wakibishana. Alipoanza kuhisi ukweli, aliona aibu kuusema, hata kwa mkewe. Alikuja kwangu jioni moja wakati wa kufunga maduka, akaniomba nimsomee zile barua kwa makini. Anwani ilitofautiana kwa herufi moja tu: palipokuwa na m, matapeli waliweka r na n zilizobanana, na kwenye kioo kidogo cha simu jicho halioni tofauti. Nilipofungua mipangilio ya sanduku lake la barua pepe nilikuta jambo baya zaidi. Kulikuwa na agizo la kupeleka nakala ya kila barua kwenye anwani tusiyoijua. Kuna mtu alikuwa amekaa ndani ya mazungumzo yao muda mrefu, akisoma bei, majina ya watoto na salamu za sikukuu, akiingojea ankara kubwa. Nywila ya jirani ilikuwa jina la mwanawe wa kwanza na mwaka aliozaliwa, na alizoea kuiingiza kwenye kompyuta za intaneti kafe.

Benki ilituma ombi la kuzizuia pesa. Jibu likarudi kwamba akaunti ile haina kitu.

Watu hudhani utapeli huu ni wa maduka ya Kariakoo tu. Mwaka 2023 kituo cha FBI cha Marekani kinachopokea malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni kiliripotiwa hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9 kwa njia hiyohiyo ya barua pepe za biashara. Waliopoteza ni pamoja na kampuni zenye mawakili na wahasibu wa kila aina. Jirani yangu hakuwa mjinga, na nakataa kabisa anapoitwa hivyo. Lakini mambo mawili katika kisa chake yalikuwa mikononi mwetu. La kwanza ni kwamba mtu aliyeshuku alikuwepo chumbani. Akili ya karani ilitosha kuokoa kontena zima, ila cheo chake hakikutosha. La pili ni zile siku za aibu. Malipo yaliyopotea yana saa chache ambazo yanaweza kuzuiwa kabla hayajahamishwa kwingine, na yeye alizitumia kuficha.

Tuliporudi dukani kwetu tuliweka utaratibu wa akaunti mpya. Mtu yeyote akitutumia namba mpya ya kulipia, tunampigia kwa namba ya zamani, ile tuliyoiandika sisi wenyewe kwenye daftari, kamwe si ile iliyo kwenye ujumbe wake. Na nywila ya barua pepe ikawa sentensi ndefu, pamoja na uthibitisho wa hatua mbili, ili anayeiba nywila asiweze kuingia bila simu yetu. Utaratibu huo haukutugharimu hata shilingi.

Halafu kukaja usajili wa laini kwa alama za vidole. Mwisho ulitangazwa kuwa 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na foleni za vitambulisho vya NIDA zikawa ndefu kila wilaya. Wengi waliuona usumbufu mtupu. Duka moja la mtaani kwetu liligundua wakati huo kwamba laini yake ya biashara, ambayo wateja wa mikoa yote waliijua, ilikuwa ya kijana aliyekwisha acha kazi na kurudi Mbeya. Kisheria ilikuwa mali yake. Angeweza kwenda dukani kwa kampuni ya simu, akapewa kadi mpya ya namba ileile, na malipo yote ya duka yakaanza kumfikia yeye. Walimbembeleza, naye kwa uungwana akakubali kuiachia. Si kila mtu angekubali. Baada ya hapo tuliona faida ya kupiga *106# mara kwa mara kutazama ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Tulihakikisha pia kwamba laini ya duka iko kwa jina la shangazi, na laini ya wakala iko kwenye simu yake peke yake, isiyofungua Facebook wala kupakua programu za kubahatisha.

Mauzo ya mtandaoni yalipokua, binamu yangu, binti wa shangazi, ndiye aliyeuendesha ukurasa wetu wa Instagram. Ijumaa moja ulimfikia ujumbe ukidai umetoka Instagram wenyewe: picha zako zimevunja hakimiliki, ukurasa utafutwa ndani ya saa 24, bonyeza hapa upinge. Haraka ileile ya basi la Kahama, safari hii imevaa suti. Alibonyeza, akaingiza nywila, na jioni ukurasa ukawa wa mtu mwingine. Alimwogopa mama yake. Alijaribu kuurudisha kimyakimya Jumamosi na Jumapili. Siku hizo mbili wezi walibandika khanga zetu kwa nusu bei, ofa ya mwisho wa wiki, wakaweka namba yao ya kulipia.

Jumatatu asubuhi mama mmoja kutoka Dodoma alisimama mbele ya kaunta yetu na simu yake. Alikuwa amelipia doti za kugawa kwenye harusi ya mwanawe. Alituonyesha mazungumzo yote: jina ni letu, picha ni zetu, hata lugha ya “karibu sana mpendwa” ni yetu. Tulijadiliana nyuma ya duka. Wengine walisema pesa hazikuingia kwetu, kwa hiyo deni si letu. Shangazi akasema, “Alikuja kwa jina letu.” Akampa khanga zake kwa bei tuliyonunulia sisi, na sehemu ya gharama akaibeba yeye. Nimelifikiria sana jambo hilo. Tulikuwa tumezoea kudhani kinacholindwa ni pesa iliyo kwenye simu. Kumbe mwizi anaweza kupita bila kuigusa simu yako, akachukua imani ya mteja aliye mbali, na hasara ikarudi kukudai mlangoni.

Ukurasa tuliurudisha baada ya usumbufu mwingi na video za sura ya binamu. Kila mzigo unaotoka sasa una karatasi yenye Lipa Namba yetu na jina linalotakiwa kutokea kwenye simu ya mteja anapolipa. Likitokea jina jingine, aache. WhatsApp ya duka ina PIN ya hatua mbili, kwa sababu wapo wanaojifanya rafiki na kukuomba “ile namba ya tarakimu sita iliyokuja kwako kwa bahati mbaya”. Anayeipata namba hiyo anaweza kuiamsha WhatsApp yako kwenye simu yake.

Lakini mabadiliko makubwa yalikuwa ya maneno mawili ambayo shangazi aliyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, baada ya kuuliza kwa nini bintiye mwenyewe alimficha. Neno la kwanza: yeyote aliye kaunta ana ruhusa ya kusimamisha malipo au mzigo wowote mpaka ahakikishe, hata kama anayeamuru ni mimi. La pili: anayetoa taarifa ndani ya saa ileile hakatwi hata shilingi. Akaongeza swali la siri, kuhusu jambo la nyumbani kwao ambalo halijawahi kuandikwa popote, la kumuuliza yeyote anayeomba pesa kwa simu akijiita mmoja wetu.

Kuandika ni rahisi. Jaribio lilikuja shangazi alipokwenda msibani Muheza. Simu yake ilizima chaji, akaazima ya jirani na kumpigia binti wa dukani atume laki nane za shughuli haraka.

“Shikamoo shangazi. Samahani, naomba jibu la swali.”

“Wewe! Sauti yangu huijui?”

“Naijua shangazi. Lakini ulisema hata sauti isitoshe.”

Shangazi alikuwa na uchungu wa kufiwa, na watu walikuwa wamemzunguka. Alikata simu kwa hasira. Binti alinipigia huku akitetemeka. Akajua kibarua kimeota nyasi. Mimi nikampata binamu aliyekuwa palepale msibani, akathibitisha, na pesa zikaenda zikiwa zimechelewa karibu saa nzima. Shangazi aliporudi Dar es Salaam alituita wote, mpaka wapagazi. Akamwita binti mbele, akasema kwamba huyu amenikatalia mimi pesa yangu mwenyewe, nikiwa msibani, na nilikasirika. Na angenitumia bila kuuliza ningemwachisha kazi. Akamwongezea mshahara.

Sijaona uwekezaji wa usalama uliozidi ule. Wafanyabiashara huniuliza wanunue programu gani. Programu za kuzuia virusi zina kazi yake, na kusasisha simu na kompyuta ni lazima. Lakini hakuna programu itakayomtetea karani anayesema “tuwapigie kwanza” mbele ya bosi mwenye haraka. Ulinzi huo hutolewa na bosi mwenyewe, na hautolewi kwa tangazo ukutani. Siku ruhusa inapomuumiza yeye, akaiheshimu, ndipo wafanyakazi wanaamini kwamba ipo.

Baadaye kweli alikuja tapeli mwenye picha ya shangazi kwenye WhatsApp, naye akiomba laki nane. Binti yuleyule akamuuliza swali. Likaja jibu: acha maswali mengi, tuma. Akaihakiki namba kwa shangazi, ambaye alikuwa juu ghorofani akipanga majora, kisha akaupeleka ujumbe ule 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano ya kuripotia matapeli. Kazi ikaendelea.

Siwezi kusema hatupigwi tena. Mwaka jana kijana mgeni, hata mwezi hajamaliza, alirudisha laki tano na elfu kumi kwa mtu aliyedai amelipa zaidi. Alitambua karibu papo hapo, salio lilipokataa kuwiana na daftari. Kama angekuwa katika duka linalokata mishahara, nafikiri angefanya kama binamu yangu, au kama jirani yangu mwenye kontena: angekaa kimya, akatafuta mkopo, akaomba Mungu pasitazamwe. Badala yake aliita kwa sauti dukani, wateja wakisikia. Binamu akapiga huduma kwa wateja wa kampuni ya simu, na namba iliyopokea ikazuiwa wakati mwenyewe akiwa bado anatoa kwa mawakala. Mimi nilikwenda kituo cha polisi kuchukua RB, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo ili itumike, na ushahidi wa namba, saa na ujumbe ni mzuri zaidi ukiwa haujafutwa. Laki tatu na nusu zilirudi baada ya ufuatiliaji. Laki moja na elfu sitini zilikuwa zimekwisha tolewa. Shangazi aliziandika kwenye safu ya hasara za duka, na mwisho wa mwezi kijana alilipwa mshahara wake wote.